Mtu Aliye Kwenye Kioo

Kisii mjini,
19 Januari 2025

Mpendwa Mjomba Ogeto,

Bwakire buya, wewe na Anti Bochaberi. Sisi huku tuko. Mama anakusalimu kutoka Mosocho. Ndizi zimejaa sokoni mwezi huu na bei imeanguka, lakini hafungi kibanda. Anasema akikaa nyumbani magoti yatamshinda. Kikohozi chake cha Krismasi kimekwisha.

Siku ya mazishi ya mzee Nyamongo uliniambia kwamba simu inakuumiza kichwa, na kwamba mtu mwenye jambo refu aliandike kwenye karatasi. Basi nimeandika, tena kwa kalamu nzito kama ulivyotaka. Dereva wa gari la Nyamira ataiacha barua dukani kwa Bosire. Ndani ya bahasha kuna flashi. Binti yako Joyline akija Jumapili akuwekee kwenye runinga.

Jambo lenyewe ni gemu tunayotengeneza mimi na mwenzangu Mathew, yule wa Masimba uliyemwona kwenye harusi ya Roselyne. Inamhusu mkunga anayeitwa Gesare. Alfajiri anatembea kwenye vilima vya huku kwetu, kwenye ukungu, akitafuta nyumba ambayo mama anajifungua. Hakuna anayemwambia ni ipi. Anayecheza lazima aangalie moshi, madirisha na nyayo. Katika nyumba moja kuna kabati lenye kioo, na ndani ya kioo hicho unamwona mtu aliyejificha nyuma ya mlango. Usipomwona, mambo yanakwenda vibaya.

Kampuni moja ya Nairobi imependezwa nayo. Imetupa mpaka Desemba. Sasa tumegombana juu ya kitu kinachoitwa ray tracing. Ofisini tunakiita miale tu. Kwa kawaida kompyuta hudanganya: sisi tunapaka kivuli pale tunapodhani kingekuwa. Kwa miale, kompyuta inafuata njia ya mwanga wenyewe, kutoka dirishani hadi ukutani, kutoka ukutani hadi usoni mwa mtu, upya kila wakati picha inapobadilika. Ni kazi nzito. Kompyuta zetu haziiwezi bila kukwama, wala za wale wanaocheza gemu huku kwetu. Ili tununue kompyuta inayoiweza, Mathew yuko tayari kuuza pikipiki inayomlisha yeye na mamake.

Aliniambia, "Persis, watu wa Nairobi wataangalia picha kabla ya hadithi. Bila miale tutafungua mlango na hakuna atakayeingia."

Nikamwambia, "Na wenye kompyuta za mtumba, wale tuliowatengenezea, wataingia kwa mlango gani?"

Tulikaa hivyo siku nyingi. Mwishowe tukakubaliana kukuuliza wewe. Ulikuwa na studio pale Mosocho, na watu walitoka hadi Keroka ili wapigwe picha kando ya dirisha lako. Kwenye flashi kuna filamu mbili za nyumba ile ile. Moja ina miale, nyingine haina. Sitakuambia ni ipi. Tuambie tu kama tofauti inafaa gharama yake. Utakachosema ndicho tutakachofanya.

Mpwa wako anayekuheshimu,
Persis


Nyamira,
23 Februari 2025

Kwa Persis, mtoto wa dada yangu,

Barua yako niliipata, na wewe unisamehe kwa kukawia. Huku tumepata mvua ya mawe iliyochana majani ya chai kama mtu aliyepita na panga. Yatachipuka tena. Anti yako hajambo, amepanda mboga za chinsaga nyuma ya jiko na anakuambia uje uchukue. Mimi niliteleza kwenye mtaro nikitoka kituo cha majani na mguu ukavimba, lakini sasa natembea. Pikipiki yangu nimempa Joyline. Nimechoka na barabara hizi.

Mwambie dada yangu Nyakerario anywe maji ya moto yenye tangawizi asubuhi, hata kama kikohozi kimekwisha. Mama yako hupona nusu akaacha.

Filamu zenu niliwekewa na Joyline. Nilizitazama, nikaziangalia tena kesho yake. Kazi ni nzuri. Hicho kilima nimekijua, ni cha kwao Nyakundi, pale barabara inapokata kona. Lakini kwa swali lako nitakujibu wazi: sioni tofauti yoyote. Mwanga ni mwanga. Nimefanya kazi hiyo muda mrefu, na mteja hajui umetumia nini, anajua tu kama anajiona. Usimwache kijana wa watu auze pikipiki yake kwa ajili ya kitu ambacho hata mimi sikukiona.

Joyline anapenda kubishana nami siku hizi. Anasema zinatofautiana. Ni kijana, macho yake yanafuata kila kitu kipya.

Ni mimi mjomba wako,
Ogeto


Kisii mjini,
16 Machi 2025

Mpendwa Mjomba,

Pole sana kwa mguu na kwa chai. Mama ameanza kunywa tangawizi na analalamika juu yako kila asubuhi, kwa hiyo nadhani inamsaidia. Amepata mteja mwenye hoteli hapa mjini anayechukua mikungu yake kila Ijumaa, hahitaji tena kubembeleza mtu sokoni.

Nilisoma barua yako mbele ya Mathew kwa sauti. Sikupaswa kuisoma kwa sauti ile. Nilikuwa na furaha ya kushinda, naye aliiona. Nilipomaliza akasema, "Mimi naiona tofauti hiyo kila siku, Persis. Naiona mpaka nikifumba macho."

Nikasema, "Mjomba amepiga picha kabla mimi na wewe hatujazaliwa."

Akasema, "Basi atengeneze gemu naye."

Alichukua koti lake akaenda kwao Masimba, na mpaka leo hajarudi ofisini. Namtumia ujumbe juu ya kazi na ananijibu juu ya kazi. Vijana wa duka la vifaa vya ujenzi hapa chini wananiuliza kila siku mwenzangu yuko wapi. Nawaambia ni mgonjwa.

Nimeendelea peke yangu, bila miale. Nimepaka vivuli kwa mkono nyumba nzima. Kile kioo nimekitengeneza kwa ujanja wa zamani: nimejenga chumba cha pili nyuma yake, kimegeuzwa, na mtu amesimama humo. Nataka uniambie kitu kimoja tu. Kwenye flashi hii kuna filamu moja. Gesare anaingia, anasimama mbele ya kabati. Je, umemwona aliye kwenye kioo? Anaonekana kama mtu, au kama picha iliyobandikwa?

Wasalimie wote nyumbani, na huyo Joyline mbishi.

Persis


Nyamira,
27 Aprili 2025

Kwa Persis,

Hatujambo. Chai imechipuka vizuri kuliko nilivyotarajia na tunachuma kila wiki. Anti yako alikwenda kwa dada yake Bathsheba, amerudi na kuku wawili. Mvua inaendelea.

Filamu nimeiona. Kioo kinang'aa vizuri. Huyo mtu nimemwona, amesimama sawasawa, mwanga umemwangukia upande mmoja kama inavyotakiwa. Usibadilishe kitu.

Huyo kijana Mathew atarudi. Mpe muda.

Mjomba wako,
Ogeto


Kisii mjini,
4 Mei 2025

Mpendwa Mjomba,

Nawasalimu wote nyumbani. Mama hajambo.

Nimeanza barua hii mara kadhaa nikaichana. Nitaandika tu kama lilivyotokea.

Baada ya jibu lako nilimtumia Mathew filamu ile ile ya kioo. Nilitaka amani, na nilitaka pia aone kwamba kazi imekwenda. Alinipigia simu papo hapo. Akasema, "Hii ndiyo njia yako ya kubana matumizi? Kioo kimezimika."

Nikamwambia aangalie vizuri. Akasema anaangalia vizuri. Nikafungua mwenyewe ile niliyokuwekea kwenye flashi. Mjomba, wakati wa kuihifadhi, kile chumba cha nyuma ya kioo hakikuingia. Ni kosa langu, sikuihakiki. Filamu uliyotazama haina mtu yeyote kwenye kioo. Kioo ni cheusi tii, kuanzia juu mpaka chini.

Sikuandikii ili kukukamata. Nakuuliza kwa sababu nimekumbuka mambo mengine. Simu inayokuumiza kichwa. Kalamu nzito. Mtaro ambao umeuvuka maisha yako yote. Pikipiki.

Unaona kiasi gani?

Persis


Nyamira,
7 Mei 2025

Persis,

Kioo ni chenu. Kama kiliharibika, kiliharibikia mikononi mwenu. Mimi niliambiwa nitazame filamu, nikatazama. Runinga yenyewe ni ya zamani na Joyline haijui vizuri.

Nilikuwa nikisoma mwanga wakati mama yako anasoma darasa la tatu. Usiniandikie tena habari za macho.

Ogeto


Kisii mjini,
22 Juni 2025

Mpendwa Mjomba,

Bwakire buya. Barua yako ya mwisho haikuwa na salamu hata moja, kwa hiyo mimi nitatoa za pande zote mbili. Mama ni mzima, Anti natumaini ni mzima, kuku natumaini bado hawajachinjwa. Huku mjini kuna baridi isiyo ya kawaida na tunavaa masweta mchana.

Nilikwenda Masimba. Nilimkuta Mathew nje ya duka la mamake akifunga magunia kwenye pikipiki. Nilimwambia ukweli, kwamba aliyeamua ugomvi wetu huenda hakuwa akiona. Nilidhani atacheka au atanilaumu. Alifunga kamba mpaka mwisho ndipo akasema, "Kwa hiyo Mzee amekaa na jambo hilo peke yake muda wote huu."

Nikasema ndiyo.

"Mama yangu alikuwa hivyo," akasema. "Aliacha kuuza sindano na nyuzi, akasema hazina faida. Kumbe alikuwa hawezi kuziona."

Akanionyesha mamake ndani ya duka. Alikuwa akipima sukari kwa mteja na kusoma mizani bila miwani. Alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwaka juzi. Kwenye rafu nyuma yake nyuzi zilikuwa zimepangwa kwa rangi.

Niliporudi nyumbani nikamuuliza Mama kwa nini wewe hutaki kusikia habari za macho. Akanieleza juu ya Babu. Kwamba ni wewe uliyemshika mkono mkaenda hospitali, akatoka huko haoni kabisa, na wewe ukamrudisha nyumbani. Sikuwahi kuambiwa hilo. Nilikuwa nimemjua Babu kama mtu asiyeona tu, kama mtu mwingine alivyo mrefu.

Nilienda kwenye kliniki ya macho hapa mjini na kumweleza daktari habari za Babu, jinsi Mama alivyokumbuka: jicho lililokuwa likiuma, kuona kana kwamba yuko ndani ya bomba. Alisema hawezi kuapa juu ya mtu ambaye hakumpima, lakini hiyo inafanana na presha ya macho, na kwamba huenda Babu alifika akiwa amekwisha kupoteza kile ambacho hakuna daktari angekirudisha. Mtoto wa jicho ni kitu kingine. Ni kama dirisha lililoingia ukungu: nyumba iko salama, ni kioo tu kinachobadilishwa. Lakini hata yeye hajui una tatizo lipi mpaka akuone.

Sitakusukuma. Wanapima Jumanne na Alhamisi. Mathew amesema atakuja kukuchukua kwa pikipiki ile ile ambayo ulikataa auze.

Gemu inaendelea. Amerudi ofisini, hatujakubaliana bado, lakini tunabishana tukiwa chumba kimoja.

Mpwa wako,
Persis


Nyamira,
17 Agosti 2025

Kwa Persis, mtoto wa dada yangu,

Mkono unaoandika ni wa anti yako Bochaberi. Maneno ni yangu, ingawa naona anapunguza mengine. Sisi ni wazima. Kuku mmoja amechinjwa.

Nilikaa na barua yako muda mrefu bila kujibu. Nilikuwa na hasira, kisha hasira ikaisha nikabaki na woga, na woga mtu hauandiki. Nitakueleza kilichonitoa hapo.

Mimi huchuma majani mawili na kichipukizi, hakuna mtu kituoni aliyewahi kunirudishia kikapu. Mwezi uliopita anti yako alikwenda tena kwa Bathsheba. Nikachuma peke yangu, nikapeleka. Karani akainamia kikapu, akaniangalia, akasema kwa adabu, "Mzee, haya ni majani makuukuu. Kuna na vijiti." Watu wamesimama kwenye foleni. Nilikibeba nikarudi nyumbani.

Anti yako aliporudi nikamwambia. Hakushangaa. Nikamuuliza, "Ulijua?"

Akasema, "Nimekuwa nikiyachagua upya kila jioni kabla hujayapeleka. Ukienda kunawa."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kusema runinga imeharibika."

Miezi yote hiyo nilikuwa nikijisifu kwake juu ya kikapu changu, naye ananiambia hongera.

Basi nikampigia Mathew. Alikuja siku ya Alhamisi. Ni kijana mtulivu, hakuniuliza habari za gemu hata mara moja njiani. Daktari aliniangaza kwa taa yake, akaniuliza kazi yangu ilikuwa nini. Nilipomwambia, akasema, "Basi umeteseka zaidi ya wengine." Nilimweleza kuhusu baba yangu. Alipima presha ya macho yangu, akarudia mbele yangu ili nisikie kwamba ni nzuri. Ni mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia ndilo baya zaidi. Watanifanyia hilo kwanza, wiki ijayo.

Nimekubali. Usije kunishika mkono siku hiyo. Nataka Bochaberi peke yake.

Nilikupa jibu ambalo sikuwa na haki ya kulitoa, na nililitoa kwa ukali ili usiniulize tena. Subiri jingine.

Mjomba wako,
Ogeto

(Persis, ni mimi Bochaberi. Usiku hataki chakula, lakini hajasema hapana. Tuombee.)


Nyamira,
14 Septemba 2025

Kwa mpwa wangu Persis,

Huu ni mkono wangu. Angalia mistari, imenyooka.

Salamu kwa dada yangu na kwa Mathew. Anti yako ni mzima, ana furaha na amechoka nami, kwa sababu kila kitu namwambia aje aone. Siku waliyofungua bendeji, niliona shuka la buluu. Nilikuwa nimesahau buluu. Kwangu ilikuwa imekuwa rangi ya chai ya maziwa, na sikujua kwamba imebadilika, maana ilibadilika polepole. Nilirudi nyumbani nikakuta ukuta wangu una madoa, na shati langu la Sabato, ambalo nimelivaa mbele ya kanisa zima, limechakaa kwenye kola.

Filamu zenu nimezitazama kwa jicho hili jipya. Hili ni jibu langu.

Ndani ya nyumba, Mathew yuko sahihi. Ile yenye miale nimeijua mara moja, ni ya pili. Pazia ni jekundu, jua linaligusa, na wekundu unapanda kidogo kwenye shavu la Gesare. Nilifanya kazi miaka yote nikitafuta kitu hicho kwa mashuka na vipande vya bati vya kurudisha mwanga. Katika filamu nyingine uso wake ni kama wa picha ya kitambulisho. Ningelipia tofauti hiyo. Mtu aliye kwenye kioo cha filamu hiyo ya miale pia nimemwona, na niliogopa, maana sikumtarajia upande ule.

Lakini pale nje, kwenye ukungu wa mashamba ya chai, nimetafuta tofauti nikaikosa, na sasa siwezi kusingizia macho. Ukungu unafuta kila kitu sawasawa. Na filamu yenye miale ilikuwa ikikwama-kwama pale Gesare anapokimbia. Uzuri unaokwama humtoa mtu kwenye hadithi.

Kwa hiyo msiniulize kama inafaa au haifai. Inafaa chumbani. Kilimani ni hasara. Na nina swali langu: jua la dirishani kwenye gemu yenu linasogea?

Kama halisogei, kwa nini kompyuta ya mtu maskini ihesabu mwanga ule ule kila mara, kana kwamba ni mpya? Mimi nilikuwa nikipima mwanga asubuhi na kufanya kazi nao mpaka saa nne.

Ogeto


Kisii mjini,
2 Novemba 2025

Mpendwa Mjomba,

Bwakire buya kwenu nyote. Mama amesikia habari za shuka la buluu kutoka kwangu na amewaeleza wateja wake wote, mpaka wengine wanauliza ni shuka gani hilo. Mamake Mathew anakuambia usiiname kunyanyua mzigo mpaka daktari aseme.

Nimekaa kimya kwa sababu hatukulala vizuri kwa kazi, na hii ni mara ya kwanza naandika nikiwa na habari kamili.

Swali lako juu ya jua tulilisoma pamoja. Mathew alicheka mpaka akaketi sakafuni. Jua letu halisogei. Gemu yote ni alfajiri moja. Ujanja huo upo, watengenezaji gemu wanauita kupika mwanga, na tulikuwa tukiujua siku zote. Unaifanya kompyuta yenye nguvu ifuate miale yote mara moja, polepole, hata kama itachukua usiku kucha, kisha mwanga huo unaukausha ukutani kama rangi. Anayecheza anaupata tayari umeiva. Tulikuwa tumegawanyika vibaya, mimi nikitetea wenye mashine dhaifu, yeye akitetea shavu la Gesare, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba vyote viwili vinawezekana.

Nyasani, tuliyesoma naye, ana kompyuta kubwa ya kutengenezea video za harusi. Alituachia kila Jumamosi, kwa kuwa yeye na familia yake wako kanisani. Tukapika nyumba moja baada ya nyingine. Kilichobaki ni kile kioo, maana mtu anasogea mbele yake, hakiwezi kupikwa. Hapo nilimpa Mathew anachotaka: mwenye mashine kubwa anawasha miale ya kweli kwenye kioo, na mwenye mashine ndogo anapata chumba changu cha kugeuzwa. Safari hii nimekihakiki.

Tulikwenda Nairobi wiki iliyopita. Nilibeba kompyuta yangu ya mtumba makusudi. Mathew alikuwa ameandaa maelezo marefu juu ya miale. Mama mmoja wa kampuni hiyo alikaa akacheza. Hakuuliza lolote juu ya mwanga. Alifika chumbani, akageuka, akatazama kioo, akarudi nyuma na kiti chake. Kisha akauliza, "Huyu anayejificha ni nani, na anamwogopa nani?"

Wamekubali. Watatoa gemu mwaka ujao, na wameandika kwamba lazima iwake kwenye mashine kama yangu. Hilo lilitoka kwao, hatukuliomba.

Tukiwa nje Mathew aliniuliza, "Unadhani kuna mtu atakayewahi kuona ule wekundu wa shavu?"

Nikamwambia mtu mmoja ameshauona, na anatutosha kwa sasa.

Tumeweka jina lako mwishoni, pamoja na wetu. Mathew ndiye aliyeliandika. Kazi yako tumeiita mpima mwanga.

Persis


Nyamira,
7 Desemba 2025

Kwa Persis, mtoto wa dada yangu,

Amani iwe kwako na kwa huyo mwenzako. Jicho la kushoto nalo limefanywa. Sikuogopa, au niliogopa kidogo tu. Anti yako anasema nilizungumza na muuguzi bila kupumua. Chai ni nzuri, na karani wa kituo ananiita Mwalimu wa kuchuma.

Jina langu mlilitia bila kuniuliza. Liache hapo.

Wiki hii nilishuka Mosocho peke yangu kumwona mama yako. Sikumwambia kwamba naja. Nilimkuta kibandani akipanga ndizi, amenipa mgongo, nikasimama. Persis, sikujua dada yangu amezeeka. Kwa miaka hii yote nilikuwa nikisikia sauti yake na kuliona umbo lake kwenye ukungu, na mimi mwenyewe nikimwekea uso wa zamani, wa yule msichana aliyekuwa akinibebea taa za studio. Sasa nikaona nywele nyeupe chini ya kitambaa, na mishipa ya mikono, na jinsi anavyoegemea meza kabla ya kuinama. Nilihuzunika. Kama ningekuwa nimeulizwa mapema, labda ningesema afadhali nisione hayo.

Kisha akageuka. Ana mikunjo hapa pembeni mwa macho ambayo hakuna aliyeniambia. Imekaa vizuri kwake.

Akasema, "Ogeto, kwani kuna nini? Mbona unaniangalia hivyo?"

Nikamwambia, "Nilikuwa sijakuona."

Alifuta mikono yake, akanisogezea kiti chake mwenyewe, akamwita mwenye hoteli ya jirani alete chai. Tuliketi pale mpaka soko likafungwa. Wateja walikuja, akawauzia. Mimi niliendelea kumwangalia, naye aliniacha.

Ni mimi mjomba wako,
Ogeto